SOMO: MAANA YA NENO "GOLDBUG" NA MATUMIZI YAKE



Somo letu safari hii limetokana na kitabu cha muhtasari. Nilipokuwa nikikagua vitabu vya chama kimoja cha msingi cha wakulima wa pamba, nilikuta katika muhtasari wa mkutano mkuu maneno yaliyonifanya niweke kalamu chini. Katibu alikuwa ameandika, kwa mwandiko safi kabisa, ya kwamba mjumbe mmoja "alijitambulisha kuwa yeye ni goldibagi, akashauri chama kizima nacho kiwe goldibagi, na fedha ya akiba inunuliwe dhahabu." Chini yake aliandika: "Wanachama walipiga makofi. Hoja imeahirishwa mpaka neno lifafanuliwe."

Nilimpongeza katibu yule. Aliliandika neno kama alivyolisikia, bila kulipamba, na mwenyekiti wake alikuwa na busara ya kutokubali kura ipigwe juu ya neno ambalo nusu ya mkutano haikulielewa. Fedha iliyokuwa ikizungumzwa ilikuwa shilingi 11,600,000, zote zikiwa benki, zikingojea mbegu na viuadudu vya msimu uliokuwa ukija. Basi halikuwa jambo la mzaha. Niliombwa nilieleze neno hilo katika mkutano uliofuata, na kwa kuwa tangu hapo makatibu wengine wawili wameniuliza swali hilo hilo, naona ni vyema maelezo yale yatolewe hapa kwa vyama vyote.

Neno lenyewe ni la Kiingereza cha Marekani, nalo ni maneno mawili yaliyounganishwa: gold, yaani dhahabu, na bug, yaani mdudu. Neno kwa neno ni "mdudu wa dhahabu". Si neno la vitabu vya sheria wala la vitabu vya hesabu. Ni neno la mitaani, ambalo walimu wa lugha huliweka katika fungu la misimu. (Wakulima wasichanganyikiwe: misimu hii siyo ile ya pamba.) Msomaji aliyezoea Kiswahili atashtuka mtu kuitwa mdudu, maana kwetu sisi mdudu ni yule anayetoboa vitumba vya pamba, au ni lile jipu linaloota penye ukucha na kumkesheza mtu usiku kucha. Lakini katika Kiingereza cha Wamarekani wa karne ya 19, bug lilitumika pia kwa mtu aliyeshikwa na jambo moja asiliache, na mtu mkubwa mwenye fedha nyingi aliitwa kwa kejeli mdudu mkubwa. Yote mawili yamo ndani ya neno letu: kushikwa na jambo, na ukubwa wa mifuko.

Wako wanaolihusisha neno hili na hadithi ya mwandishi Edgar Allan Poe iliyotoka mwaka 1843, ambayo jina lake ni hilo hilo. Humo mna mende mwenye rangi ya dhahabu aliyeokotwa katika kisiwa kimoja cha Carolina ya Kusini, na watu wanaofumbua maandishi ya siri hadi wakachimbua hazina ya maharamia. Hadithi ile ilipendwa sana na kulifanya jina lijulikane. Hata hivyo, maana inayotuhusu haikutoka katika hadithi. Ilitoka katika ugomvi wa wakulima na wenye mabenki, na hapa ndipo naomba mwanaushirika atege sikio, kwa kuwa wengi wa wakulima wale walikuwa wakulima wa pamba kama sisi, na walikuwa na vyama vyao.

Mwaka 1873 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya sarafu iliyoacha nje dola ya fedha, ile madini nyeupe. Kabla ya hapo, kwa mujibu wa sheria, mtu aliweza kupeleka dhahabu au fedha katika kiwanda cha sarafu cha serikali akapigiwa dola. Baada ya hapo, dhahabu peke yake ndiyo iliyobaki kuwa kipimo cha dola. Dhahabu ilikuwa chache, watu na mazao yakaongezeka, na matokeo yake bei za mazao zikawa zinashuka mwaka hadi mwaka. Pamba ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1870 ilipata zaidi ya senti 10 kwa ratili, mwaka 1894 mkulima alilipwa karibu senti 5 tu.

Mwenye kuuza peke yake angeweza kusema, bei imeshuka, na ya nguo nayo imeshuka, tuko sawa. Lakini mkulima yule alikuwa na deni. Alikopa mbegu, unga na jembe kwa mwenye duka, na rehani yake ilikuwa pamba iliyokuwa bado shambani. Deni liliandikwa kwa dola, na dola haikupungua. Aliyekopa dola 100 wakati robota mbili zilitosha kulipa, alijikuta anatakiwa kulipa kwa robota nne, na riba juu yake. Makatibu wanaoshughulika na mikopo ya pembejeo wataelewa jambo hili kuliko profesa yeyote.

Wakulima wale walijiunga. Huko Texas ulianzishwa Umoja wa Wakulima, ambao mwaka 1887 ulifungua soko lake la ushirika katika mji wa Dallas chini ya uongozi wa Charles Macune, ili kuuza pamba na kununua vifaa kwa pamoja bila kupitia kwa mwenye duka. Wakulima weusi, kwa kuwa hawakupokewa katika umoja ule, walikuwa wameunda wao mwaka 1886, katika jimbo hilo hilo. Soko la Dallas halikuishi hata miaka mitatu. Liliagiza vifaa kwa hati za ahadi za wanachama, mabenki yakakataa kuzipokea hati hizo kama dhamana, na mwaka 1889 likafungwa. Kufungwa kule ndiko kulikowafanya wakulima wengi waone kwamba ushirika peke yake hautoshi iwapo fedha ya nchi ina uhaba, wakaingia katika siasa. Mwaka 1892, katika mkutano wa Omaha, chama chao cha siasa kilidai sarafu za fedha zipigwe tena bila kikomo, kwa kipimo cha wakia 16 za fedha kwa wakia moja ya dhahabu. Wakati huo sokoni fedha ilikuwa imeshuka bei mno. Mwaka 1896 ilihitajika takriban wakia 30 kununua wakia moja ya dhahabu. Wenye mabenki wa mashariki wakapiga kelele kwamba hii ni njia ya kulipa madeni kwa dola nyepesi. Na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Wakulima nao hawakuficha.

Uchaguzi wa rais wa mwaka 1896 ukawa uchaguzi wa madini. Upande wa fedha alisimama William Jennings Bryan, kijana wa miaka 36, ambaye tarehe 9 Julai huko Chicago alihutubia akiifananisha dhahabu na msalaba wa kuwatundikia wanadamu. Upande wa dhahabu alisimama William McKinley. Wafuasi wa McKinley walivaa katika makoti yao pini zenye umbo la mdudu wa rangi ya dhahabu, na wapinzani wao wakavaa wadudu weupe. Jina lililoanza kama tusi la wakulima kwa mabwana wa benki likawa pambo la kifuani. McKinley alishinda kwa kura 271 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 176, na mwaka 1900 sheria ikathibitisha kwamba dola ni ya dhahabu tu.

Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya neno: mtu anayetaka fedha ya nchi ifungwe katika dhahabu. Kiini cha ugomvi kilikuwa nani anafaidika fedha ikiwa ngumu. Mwenye kudai alifaidika. Mwenye kudaiwa aliumia. Lakini, ili nisiwapunje wadudu wa dhahabu haki yao, niseme pia kwamba baada ya 1896 bei za mazao zilianza kupanda, na sababu mojawapo ilikuwa dhahabu yenyewe: migodi ya Afrika Kusini iliyogunduliwa mwaka 1886, njia mpya ya kusafishia mawe kwa sayanidi, na dhahabu ya Klondike. Madini yaliongezeka, na dola zikaongezeka nazo. Mwaka 1896 wengi hawakuwa wamelikadiria jambo hilo.

Maana ya pili, ambayo ndiyo aliyoikusudia mjumbe wetu, ilikuja baadaye. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt aliamuru raia wa Marekani wasalimishe dhahabu zao za sarafu na vipande, wakalipwa dola 20.67 kwa wakia, na mwaka uliofuata serikali ikaitangaza bei kuwa dola 35. Waliosalimisha walinuna, na wana haki ya kununa. Tangu mkutano wa Bretton Woods wa mwaka 1944 serikali za nchi nyingine ziliweza kubadilisha dola kwa dhahabu kwa bei hiyo ya 35, mpaka tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon alipolifunga dirisha. Kuanzia hapo hakuna fedha kubwa duniani inayobadilishwa kwa dhahabu kwa kiwango cha sheria. Tarehe 31 Desemba 1974 raia wa Marekani wakaruhusiwa tena kumiliki dhahabu, na bei ikawa ya sokoni.

Siku hizi, basi, goldbug ni mtu anayeamini kwamba dhahabu ndiyo fedha ya kweli pekee, asiyeziamini noti za serikali, anayenunua vipande na sarafu za dhahabu na kuziweka, na ambaye kila habari, iwe vita, uchaguzi au mvua, kwake ni ushahidi kwamba bei itapanda. Wengine hulitumia neno kwa dhihaka, na wengine hujiita hivyo kwa fahari kama mjumbe wetu. Katibu anapoliandika hana budi kuonyesha limetumika vipi. Kwa Kiswahili ningependekeza "mshabiki wa dhahabu", ambalo halimtukani mtu wala halimsifu.

Si kila mwenye dhahabu ni mshabiki kwa maana hii. Bibi wa pwani mwenye bangili za mahari yake si mshabiki. Hizo ni pambo lake na akiba yake. Mchimbaji mdogo wa Geita si mshabiki; anachimba ili auze Jumamosi. Benki Kuu ya Tanzania, ambayo katika miaka hii imekuwa ikinunua dhahabu ya ndani, nayo si mshabiki, kwa kuwa inaiweka pamoja na fedha za kigeni za aina nyingine, na haijasema kwamba shilingi ni karatasi tupu. Mshabiki hutambulikana kwa imani yake, wala si kwa kilichomo sandukuni mwake.

Je, imani hiyo ni upuuzi? Mkutanoni niliulizwa swali hili na mzee mmoja, nami sikutaka kumjibu kwa mkato. Shilingi yetu ilipoanza mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14 hivi, na wakia moja ya dhahabu kwa bei ya dola 35 ilikuwa shilingi 250. Mwaka 2024 wakia hiyo hiyo, ambayo ni gramu 31.1, ilizidi shilingi milioni 5. Aliyefukia wakia moja mwaka 1966 na mwenzake aliyefukia noti za shilingi 250, leo hawako sawa hata kidogo. Mwaka 2025 bei ilivuka dola 3,000 kwa wakia, kisha 4,000 kabla mwaka haujaisha. Hayo ndiyo mjumbe wetu aliyoyasoma, na alisoma kweli.

Lakini alisoma ukurasa mmoja. Mwezi Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 kwa wakia. Walionunua siku hiyo waliiona ikishuka mpaka mwaka 1999 ilipokuwa chini ya dola 260, na hawakuiona tena bei yao ya kununulia mpaka Januari 2008, yaani miaka 28 baadaye, wakati ambapo dola 850 zilinunua chini ya nusu ya vitu vilivyonunuliwa nazo hapo awali. Katika mwaka 2013 peke yake bei ilishuka kwa zaidi ya robo. Na katika miaka hiyo yote dhahabu haikuzaa riba, haikutoa gawio, haikutaga yai. Tajiri mwenye fungu asilolihitaji kwa miaka 28 anaweza kungoja. Chama cha msingi hakiwezi, maana fedha yake ina tarehe: mbegu kabla ya mvua za kupandia, viuadudu pamba ianzapo kuweka vitumba, na malipo ya mkulima siku ya mnada.

Sheria nayo ina neno lake. Fedha za chama hazipelekwi nje ya njia zinazoruhusiwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na masharti ya chama chenyewe bila idhini ya Mrajis. Kadhalika, asiye na leseni haruhusiwi kununua, kuuza wala kuhifadhi dhahabu ghafi. Kamati inayoweka unga wa dhahabu katika kabati la chama imevunja sheria mbili kwa ufunguo mmoja.

Nayajua haya si kwa kusoma tu. Mwaka 2019, mwaka ambao masoko ya madini yalianza kufunguliwa nchini, nilikagua chama kimoja, ambacho sitakitaja, nikakuta shilingi 4,200,000 za hisa zimetoka kwa hati ya malipo isiyo na stakabadhi. Mweka hazina, mtu mwaminifu na mcha Mungu, aliinama chini ya meza akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na kipande cha njano kilichofungwa katika kitambaa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni gramu 62, kimenunuliwa chini ya bei ya soko kutoka kwa mtu aliyekuwa na shida ya haraka, na kwamba kamati ilitaka kuwashangaza wanachama siku ya mkutano mkuu.

Nilimwomba bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe na bilauri ya maji. Tulijaza bilauri mpaka ukingoni, tukaizamisha dhahabu yake polepole, na maji yaliyomwagika katika sahani tukayavuta kwa bomba na kuyasoma. Dhahabu safi ina uzito mara 19.3 ya maji ya ujazo huo huo, kwa hiyo gramu 62 zingemwaga sentimita za ujazo 3.2 tu. Hata dhahabu ghafi yenye fedha ndani yake isingefika 5. Bomba lilisoma zaidi ya 7. Hiyo ni shaba iliyochanganywa na zinki, ambayo uzito wake ni kama mara 8 na nusu ya maji. Mweka hazina aliyasoma maji yale mara tatu, kisha akavua miwani. Nilikipeleka kipande katika soko la madini nikiwa na barua, na mtaalamu wa huko alithibitisha. Kamati ililipa fedha ile kidogo kidogo kutoka mifukoni mwao. Mweka hazina aliuza ng'ombe wawili.

Naongeza haraka kwamba kipimo cha maji kinafichua uongo tu, hakithibitishi ukweli. Kuna madini yaitwayo tungsteni ambayo uzito wake unakaribiana kabisa na wa dhahabu, na walaghai wanalijua hilo. Uthibitisho hutolewa na mtaalamu mwenye mashine, tena mbele ya mashahidi.

Nirudi kwa chama chetu cha goldibagi. Nilipomaliza maelezo, hoja ilipigiwa kura na ikashindwa, ingawa si kwa kura nyingi. Mtoa hoja alisimama akasema bado yeye ni mshabiki, ila kwa fedha yake mwenyewe. Katibu aliyaandika maneno hayo pia, na safari hii neno aliliandika kwa Kiswahili.

Kazi ya kikundi cha kujisomea: Chukueni zile shilingi 11,600,000. Tuseme zimenunua dhahabu mwezi Juni kwa mfanyabiashara mwenye leseni, na mwezi Novemba bei imeshuka kwa robo, na mnunuzi anakata asilimia 3 ya fedha anayolipa. Tafuteni kiasi kitakachorudi benki, kisha wakulima wangapi watakosa mbegu kwa bei ya mwaka huu katika chama chenu. Halafu fanyeni hesabu hiyo hiyo bei ikiwa imepanda kwa robo, na mjadiliane faida ile ingeandikwa wapi katika vitabu, na nani angekuwa na haki ya kuamua matumizi yake. Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi. Nitayaomba nitakapopita kukagua.